Kwa nini steroidi ya kuvuta husaidia pumu kuliko ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa?

BintiSalim: Ndugu wanajukwaa, nasomea famasia. Tunafundishwa kwamba magonjwa haya yote mawili ni ya uvimbe wa muda mrefu unaochochewa na seli za kinga. Ikiwa ndivyo, kwa nini steroidi ya kuvuta, yaani dawa ya kutuliza uvimbe inayovutwa hadi mapafuni, humtuliza vizuri mgonjwa wa pumu, ilhali mzee mwenye ugonjwa huo wa pili, aliyevuta sigara miaka mingi, huitumia dawa hiyohiyo asipate nafuu ya maana?

Tabibu wa Kifua: Binti, uvimbe huo hauendeshwi na seli zilezile. Katika pumu ya mzio, utando wa njia za hewa ukichokozwa hutoa protini za tahadhari kama TSLP na interleukini-33, nazo huamsha seli zinazotoa interleukini-4, 5 na 13 (interleukini ni protini ambazo seli za kinga hutumia kupelekeana ujumbe). Ya 4 huchochea kingamwili za mzio ziitwazo IgE, ya 5 hukuza eosinofili, aina ya seli nyeupe za damu, na kurefusha uhai wake, na ya 13 huzidisha makamasi. Sehemu kubwa ya mfululizo huo hutulizwa na steroidi. Katika ugonjwa wa pili, moshi wa sigara au wa kuni huchochea makrofaji (seli za kinga zinazomeza uchafu) na seli za utando kutoa interleukini-8, ambayo huita nyutrofili, aina nyingine ya seli nyeupe za damu, na hizo humwaga vimeng'enya vinavyoharibu kuta za vifuko vya hewa. Steroidi haziziui nyutrofili, huzichelewesha kufa.

Mwanamaabara: Niongeze yanayotokea ndani ya seli. Protini iitwayo NF-kB ikiingia kwenye kiini cha seli, histoni, yaani protini ambazo DNA huzizunguka, huongezewa vikundi vidogo vya kemikali viitwavyo asetili, DNA hulegea na jeni za uvimbe husomwa. Steroidi huzima jeni hizo kwa kuita kimeng'enya HDAC2 kije kuondoa asetili hizo. Kundi la Peter Barnes wa London limeonyesha kwamba kimeng'enya hiki hupungua katika mapafu ya wagonjwa wa ugonjwa huu sugu wa kuziba njia za hewa, kwa sababu ya vioksidishaji vya moshi. Dawa hufika, lakini haina wa kumtuma.

BintiSalim: Nashukuru sana. Je, basi wagonjwa hao wasipewe steroidi kabisa?

Tabibu wa Kifua: La, kwa kuwa baadhi yao wana eosinofili nyingi. Mwongozo wa kimataifa wa ugonjwa huu, uitwao GOLD, unaunga mkono kuongeza steroidi ya kuvuta kwa anayezidiwa na kubanwa kifua mara kwa mara licha ya dawa za kupanua njia za hewa, hasa eosinofili zikifika 300 kwa kila mikrolita ya damu. Zikiwa chini ya 100 faida ni ndogo mno, na hatari ya nimonia ipo palepale. Mwaka 2024 Marekani iliidhinisha dupilumab, inayozuia interleukini-4 na 13, kwa wagonjwa wa kundi hilo la eosinofili nyingi, ingawa bei yake iko mbali na wengi wetu. Kipimo cha damu chenyewe ni rahisi, ila huku kwetu mtu akumbuke kwamba minyoo nayo hupandisha eosinofili, hivyo ni vyema choo kipimwe kabla namba hiyo haijaamua tiba.