MJADALA: Pattaya na bei mbili, mgeni anaonewa au alizoea vya bure?

Mleta mada:
Wakuu, kila ukigusa habari za Thailand siku hizi utakuta kilio kilekile: Pattaya, ule mji wao wa pwani, imekuwa ghali, mgeni anakamuliwa, bora Vietnam. Wanaolia zaidi ni wastaafu wa Kizungu waliozoea kukimbilia pale baridi ya kwao ikianza. Mimi naona nusu ya kilio ni cha kweli, ila wanakililia mahali sipo.

Tuanze na hela. Mwaka 2007 pauni moja ya Uingereza ilikupa zaidi ya baht 60, hela ya Thailand. Mwaka 2025 ikawa inacheza kwenye 43, 44. Hata bia isingepanda hata senti, mzee wa Manchester angeiona imepaa. Na bei zenyewe nazo zimepanda. Tangu Januari 2025 kima cha chini cha mshahara mkoani Chonburi, ambako Pattaya ipo, ni baht 400 kwa siku. Anayekuletea sahani naye ana kodi ya chumba. Hapo wizi siuoni.

Halafu mteja mwenyewe amebadilika. Kijiji cha wavuvi kile kiligeuzwa mji wa starehe na wanajeshi wa Marekani enzi za vita vya Vietnam. Baadaye wakaja Wazungu wa likizo, Warusi, Wachina. Mwaka 2019 Wachina walioingia Thailand walikuwa kama milioni 11, kati ya wageni karibu milioni 40. Januari 2025 mwigizaji wao Wang Xing akarubuniwa kwa kazi ya uongo, akavushwa mpaka hadi kwenye kambi za matapeli Myanmar. Aliokolewa, lakini hofu ilishasambaa. Mwaka huo Wachina hawakufika hata milioni 5. Wahindi wanazidi kuongezeka: wanakuja na familia, wengine na harusi nzima, na Walking Street, mtaa wa starehe za usiku, sasa ina klabu za muziki wa kwao. Kwa hiyo anayesema "Pattaya imekufa", mara nyingi ni ile Pattaya yake tu iliyokufa.

Sasa lililonileta: bei mbili, ya mgeni na ya mwenyeji. Ukitoka Pattaya kwenda kisiwa cha Samet, ambacho ni hifadhi ya taifa, mgeni analipa baht 200, Mthai 40. Kasri la Mfalme pale Bangkok, mgeni 500, Mthai anaingia bure. Na sisi tusijifanye malaika: Serengeti mgeni ni dola 70 kabla ya VAT msimu watalii wakijaa, Mwafrika Mashariki shilingi 10,000. Mwenye mali kumpunguzia ndugu yake, sina neno.

Ninachogomea ni bango la bei pale mlangoni. Mara nyingi bei ya mgeni wanaiandika kwa tarakimu tunazozijua wote, na ya Mthai wanaiandika ๔๐, tarakimu za Kithai. Hiyo ni 40. Mgeni anaitazama, anadhani ni nakshi, analipa, anashukuru. Kama bei ni ya haki, unaificha ya nini?

Songthaew nazo ni shule nyingine. Ni pikapu zenye mabenchi mawili ya kutazamana, kama chai maharage za zamani. Ile inayozunguka mjini unapanda kimya, ukifika unabonyeza kengele, unashuka, unampa dereva baht 10. Ukitangulia kuuliza "bei gani?", umeshajitangaza mgeni, na safari inageuka ya kukodi: 200 au zaidi.

Swali: bei mbili zibaki, ziandikwe wazi, au zifutwe?

Mchangiaji, Dar es Salaam:
Mkuu, umeongea kama mwenye nchi. Mimi hufuata mzigo wa nguo soko la Pratunam, Bangkok, nikipata wikendi nateremka Pattaya kupumzika. Kinachoniuma si hiyo 200. Kinachoniuma ni kutiwa kapu moja na Mzungu. Kipato cha Mtanzania wa kawaida hakifiki cha Mthai wa kawaida hata kidogo, lakini mlangoni mimi ndiye "tajiri". Ile hoja ya kwamba mgeni ana hela inafia hapo.

Mleta mada:
Kaka, hoja ya "ana hela" sikuitoa mimi. Hifadhi inalindwa kwa kodi ya Mthai, basi mlangoni alipe kidogo. Na hata kwetu, Mmalawi akifika Serengeti anatozwa sawa na Mjerumani. Hilo mbona hatulisemi?

Mchangiaji, Muscat:
Jamani, mnabishania milango wakati dawa ipo uwanja wa ndege. Baraza la mawaziri la Thailand lilipitisha Februari 2023 kwamba mgeni wa ndege atozwe baht 300 akiingia nchini, wa barabara au bahari 150. Tangu hapo ni kuahirisha tu, wanaogopa kufukuza watu. Zanzibar walianza bima ya lazima ya dola 44 Oktoba 2024. Kelele zilikuwepo, wageni wakalipa. Thailand nao watoze mara moja pale mlangoni mwa nchi, halafu huko ndani bei iwe moja, bila mafumbo ya tarakimu.

Mleta mada:
Bibie, hapo unamlipisha aliyekuja siku mbili kwa hifadhi ambayo hataikanyaga. Mimi bado niko palepale: bei mbili sawa, ila ziandikwe kwa tarakimu zilezile.

Mchangiaji, Dar es Salaam:
Dada wa Muscat, wazo lako silikatai, nakwama kwenye hesabu. Mwaka 2025 walioongoza kuingia Thailand ni Wamalaysia, wamewapita Wachina, na wengi wao wanavuka mpaka kwa gari kwenda kula na kulala usiku mmoja au miwili. Ukimtoza huyo 150 kila akivuka, atakuja mara ngapi kwa mwaka? Na ukimsamehe jirani ukanibana mimi wa ndege, si umerudisha bei mbili kwa mlango wa nyuma?