Damu kuganda kwa ateri, hasa huwa wapi?

mkulima_njoro: Habarini wadau. Mjomba wangu alishikwa ghafla na uchungu wa mguu, mguu ukapauka ukawa baridi kabisa, tukamkimbiza hospitali hapa Nakuru wakasema damu imeganda kwa ateri ya paja, ule mshipa unaopeleka damu mguuni, karibu na kinena, wakampasua usiku huohuo na mguu ukaokolewa. Sasa mbona daktari anashughulika na moyo tu, mara ECG ya kupima umeme wa moyo mara eko ya kupiga picha ya moyo? Kwani kwa ateri damu hugandia wapi?

msafiri_kondele: Pole ndugu. Hiyo ni kukaa kwa basi masaa mengi, shangazi alipata hivyo akitoka Mombasa mguu ukafura. Apewe aspirini.

nyar_kisumo: @msafiri_kondele hiyo ya shangazi ni ya vena, mshipa unaorudisha damu kwa moyo, ndiyo hufura na kupata joto. Hii ni ateri, damu haifiki chini ndio maana mguu ulikuwa baridi. Na tafadhali tusigawe dawa hapa.

@mkulima_njoro mimi ni nasi. Kwa ateri damu inapita kwa nguvu, haigandi ovyo, mara nyingi ni pale ukuta umeshajenga mafuta na hayo mafuta hupenda penye mshipa unagawanyika ama kupinda, kama takataka za mtaro zinavyokwama kwa kona. Kwa hivyo ni mishipa inayolisha moyo, shingoni chini ya taya, ateri kubwa ya tumbo, halafu paja mpaka nyuma ya goti. Hayo mafuta yakipasuka, chembe sahani, zile chembe za damu za kugandisha, zinarundikana hapo na njia inazibika.

Lakini mguu uliokuwa mzima ukizima ghafla hivyo, mara nyingi donge lilitoka kwa moyo likasafiri. Moyo ukipiga bila mpangilio damu inatuama kwa kamfuko fulani ka chumba cha juu kushoto na kuganda. Huku kwetu kuna pia wale valvu (kile kilango cha moyo) iliharibika juu ya homa ya baridi yabisi ya utotoni. Donge likishuka linakwama paja, likipanda ni stroki.

mkulima_njoro: Eh! Na amekuwa akisema moyo unamwenda mbio, sisi tukasema ni chai ya rangi. Sigara pia anavuta.

nyar_kisumo: Mwambieni daktari yote mawili kesho asubuhi, sigara aache. Akiwekwa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiruke kupimwa INR, yaani damu inachukua muda gani kuganda, na asichanganye na mitishamba bila kuuliza. Mkiona mdomo umepinda ama mkono umelegea msingoje kuche, dawa ya kuyeyusha donge la ubongo kwa kawaida hutolewa ndani ya masaa 4 na nusu tu tangu dalili zianze.