Jina Cecilia kwa binti: ni kweli maana yake kipofu?

Baba Kachanga: Wakuu, heshima kwenu. Tumejaliwa binti, nataka aitwe Cecilia. Mama yake kasikia huko maana yake ni kipofu, kanuna, hasemi na mimi. Wajuzi wa Kilatini naombeni msaada, nimekwama.

Besi la Kwaya: Mkuu, shemeji hajakosea. Ni jina la ukoo wa Roma ya kale: wanaume Caecilius, wanawake Caecilia, na linahusishwa na caecus, yaani kipofu. Ila sisi wanakwaya Mtakatifu Sesilia ndiye msimamizi wetu. Kila Novemba 22 tunaimba mpaka koo zinakauka. Kuna mwaka pilau lilichelewa, sauti ya kwanza wakasusa misa ya jioni...

Fundi Saa: Claudia nalo linatokana na kuchechemea. Mbona kina Claudia wanatembea fresh tu?

Shangazi Mkali: Mpe jina la mama mkwe wako, yaishe. Siku hizi mnawabandika watoto majina hata kuyatamka hamuwezi.

Mdadisi: Cecilia ni nani kwenu? Bibi?

Baba Kachanga: Nalipenda tu mkuu.

Mdadisi: Jibu swali.

Baba Kachanga: Haya. Ni mtu niliyekuwa naye chuoni, kabla ya ndoa. Yalishaisha, mwenzangu ana mume wake. Jina lina kosa gani? Halafu nimeshaliandikisha, tunasubiri cheti. Kubadilisha ni usumbufu.

Shangazi Mkali: Yesu na Maria! Kumbe kipofu si mtoto, ni wewe baba mtu! Mkeo anajua?

Baba Kachanga: Nimekuja kuuliza maana ya jina, si kuhukumiwa.

Mdadisi: Wadau subirini kidogo. Huyuhuyu mwezi uliopita alifungua uzi anatafuta mchumba, "awe mcha Mungu, asiwe na mtoto". Hii ni chai.

Fundi Saa: Na haina hata kitafunwa.

Baba Kachanga: Ule uzi nilimfungulia mdogo wangu, hana akaunti.

Besi la Kwaya: Iwe chai isiwe chai, kanisa la Mtakatifu Sesilia lipo Trastevere, Roma. Mle kuna sanamu yake iliyochongwa na Stefano Maderno mwaka 1600, amelala ubavu, shingo ina alama ya upanga. Ukiweza kufika, nenda.

Mdadisi: Baba, weka picha ya fomu, ficha majina.

Baba Kachanga: Simu imezima chaji.

Shangazi Mkali: Sasa hapa unaandikia nini?