Magego ya juu yananimaliza shingo

Mwana_Ngamiani:
Wadau, habari za kazi. Mimi ni tabibu wa meno, zahanati binafsi hapa Tanga mjini. Jumatatu foleni inaanzia barazani: kung'oa, kuziba, kusafisha. Ikifika adhuhuri shingo imekaza mpaka nyuma ya bega la kulia, na usiku gumba na kidole cha shahada vinakufa ganzi. Magego ya juu ndiyo mabaya zaidi, napinda kiuno nachungulia. Kiti chetu kimeharibika pampu, hakipandi wala hakishuki, mgongo tu ndio unalala. Naipenda kazi hii, nataka kuifanya mpaka nistaafu. Wenzangu mnafanyaje?

Mstaafu_Chumbageni:
Pole mwanangu. Usimfuate mgonjwa, mlete kwako. Gego la juu, mlaze chali kabisa, kunja taulo umwekee chini ya shingo, kidevu kielekee dari. Wewe kaa nyuma ya kichwa chake, mgongo umenyooka, utazame gego kwenye kile kioo kidogo cha mdomoni. Mwanzoni kioo kinasumbua, mkono unakwenda kinyume, ila unazoea. Gego la chini, mwinue kidogo ashushe kidevu. Kiti kikigoma, cheza na stuli: mdomo wa mgonjwa uwe usawa wa kiwiko chako, mabega yasipande. Kichwa cha mtu mzima ni kama kilo 5, na kadiri unavyokiinamisha ndivyo shingo inavyoelemewa. Mjamzito wa miezi ya mwisho tu usimlaze chali, mgeuze kidogo ubavu wa kushoto.

Viungo_Raskazone:
Dada, hiyo ganzi usiikalie. Gumba na shahada hupata hisia kwa mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo cha mkono, lakini hata shingo huleta ganzi ya namna hiyo. Upimwe kote kuwili. Glavu zikibana, chukua saizi ya juu. Vifaa vya kusafishia vyenye mpini mnene havichoshi vidole kama vile vyembamba. Ukianza kuangusha vitu mkononi, nenda hospitali usingoje.

Mwana_Ngamiani:
Shikamoo dokta, ahsanteni nyote. Taulo nimeijaribu leo, gego nimeliona lote kwenye kioo. Je, mzee mwenye ugonjwa wa moyo ambaye akilala chali pumzi inabana?

Mstaafu_Chumbageni:
Marahaba. Huyo mkalishe, wewe usimame karibu naye, miguu uitanue. Kazi ndefu igawe, arudi siku nyingine.