Kidonge cha alfajiri kinamfungua baba, cha mchana kinagoma. Nishaurini

Mwana wa Mtambwe: Assalaam alaykum jamani. Mzee wangu umri umekwenda. Mkono wake wa kulia unatetemeka akiwa amekaa tu, gumba na kidole cha shahada vinazungukana kama anayevuta tasbihi. Akishika kikonyo cha karafuu achambue, mtetemo unapungua. Hatua zimekuwa fupi, uso umekakamaa hata akichekeshwa. Daktari kasema ni Parkinson, maradhi ya ubongo yanayoharibu mwendo, kampa vidonge vya levodopa na kabidopa. Cha alfajiri kinamfungua vizuri mno. Cha saa saba anakimeza pamoja na wali na mchuzi wa samaki, na hapo hakuna kitu mpaka alasiri. Kaka yangu wa Unguja anauliza, ikiwa ubongo umepungukiwa dopamini, kwa nini asichomwe sindano ya dopamini yenyewe? Jirani naye ana lake, anataka apungwe.

Ami Darajani: Pole sana. Hilo la kupungwa ngojeni kwanza. Hizo ngoma nazijua, mnaanza Alkhamisi mnamaliza na deni.

Mfamasia wa Ng'ambo: Waalaykum salaam. Kaka yako kapatia nusu. Baina ya seli moja ya neva na nyingine mara nyingi kuna upenyo mwembamba, ndio sinepsi. Umeme ukifika mwisho wa seli ya kwanza, kemikali inamwagwa kwenye upenyo ule, inanasa kwenye vipokezi vya seli ya pili, na seli hiyo inachochewa au inatulizwa. Kisha kemikali inafyonzwa irudi ilikotoka, au inavunjwavunjwa, la sivyo ujumbe usingekoma. Kemikali hizo ziko kadhaa: glutamati kwa kawaida huchochea, GABA hutuliza. Dopamini nayo ni mojawapo, inarekebisha: kwenye sehemu za ndani ya ubongo zinazoongoza mwendo, inaipa nguvu njia ya kuanzisha mwendo na kuilegeza ile ya kuuzuia. Mzee wako seli zinazoitengeneza zinakufa, na dalili zinapojitokeza huwa nyingi zimeshakwenda. Ndiyo maana hatua zinakuwa nzito.

Sasa sindano. Dopamini iliyomo kwenye damu haipenyi kuingia ubongoni. Levodopa inapenya, na ikishaingia inageuzwa dopamini humo humo. Kabidopa inazuia isigeuzwe njiani, maana hapo ndipo kichefuchefu kinapoanzia. Arvid Carlsson wa Uswidi mwaka 1957 aliwapa sungura reserpini, dawa inayomaliza dopamini ubongoni, wakaduwaa, hawajongei. Akawapa levodopa, wakaamka. Akaja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2000.

Binti Mkoani: Yote sawa kaka, lakini na ule mchuzi wa samaki?

Mfamasia wa Ng'ambo: Nilikuwa nafika huko, mama. Levodopa inapita mlango ule ule unaopitisha protini iliyosagwa tumboni, kwenye utumbo na tena kwenye kuingia ubongoni. Samaki wakija kwa wingi, dawa inabaki nje inasubiri zamu. Ameze nusu saa kabla ya kula, au saa moja baada. Mchana ale muhogo au wali na mboga, samaki apelekewe usiku. Asinyimwe kabisa, atadhoofu. Vidonge vya madini ya chuma navyo visichanganywe na dozi. Na msimsimamishie dawa ghafla, hata kwa siku ya tambiko: anaweza kukakamaa mwili mzima na homa kali, na hiyo inaua.

Mwana wa Mtambwe: Shukran sana. Kuna kidonge kingine alichopewa duka la dawa la mtaani, cha kichefuchefu. Nimesoma paketi: metoklopramidi.

Mfamasia wa Ng'ambo: Basi hapo pana tatizo la pili. Hiyo inaziba vipokezi vya dopamini mpaka ndani ya ubongo, yaani inapingana na levodopa. Asimeze nyingine, kesho asubuhi nenda na paketi kwa daktari wake. Muulize kama domperidoni inamfaa, hiyo haiingii sana ubongoni, ila mwambie pia kama mzee ana maradhi ya moyo.

Mwana wa Mtambwe: Moyo anao. Presha pia. Naandika yote kwenye karatasi usiku huu.