Ushauri: Ukoga umefunika mawe ya tangi la maji chumvi, matumbawe yanajikunja (Dodoma)

Mama Ilazo
Habari za jioni wakuu. Niko Dodoma, Ilazo, nafuga matumbawe laini kwenye tangi la lita 300. Ndani mna samaki-klauni wawili, konokono, na vipande vya matumbawe nilivyonunua kwa muuzaji mwenye vibali. Kwa muda sasa mawe yameota ukoga wa kijani, nyuzi ndefu zinazoteleza. Nikizing'oa kwa mkono, wiki haiishi zimerudi. Tumbawe kubwa la ngozi limejikunja, na juu linang'aa kama limepakwa nta. Zoanthidi (matumbawe madogo yanayofunguka kama maua) za chini hazifunguki kabisa, ukoga umezikaba.

Vipimo: joto 26, chumvi 1.026, ualkali (uwezo wa maji kuzuia asidi) 10 dKH, nitrati 20, fosfati sifuri. Hiyo sifuri ndiyo inanichanganya, maana ukoga si unakula fosfati? Maji yakipungua najazia ya bomba yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini, kama lita 5 kwa siku msimu huu wa upepo. Naombeni msaada, nayapenda mno haya matumbawe.

Kijana wa Area C
Pole dada. Zima taa siku tatu, funika tangi kwa blanketi zito. Ukoga bila mwanga hauna maisha.

Fundi Matangi
Mkuu wa Area C, giza litapunguza nyuzi, ila chakula chake kitabaki tangini na taa zikiwaka utaota upya. Halafu matumbawe yenyewe hulishwa na mwani mdogo mno unaoishi ndani ya nyama yake, nao unataka mwanga. Tumbawe lililokwisha dhoofu nisingelinyima mwanga kwa sasa.

Mama Ilazo, tatizo nalitafuta kwenye bomba. Maji mengi ya mji huu yanatoka visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora. Ni maji ya ardhini yenye madini mengi. Angalia magamba meupe kwenye birika lako. Dawa ya klorini haiondoi madini wala nitrati. Kinachokauka tangini ni maji matupu, vingine vyote vinabaki, na kesho unaongeza vingine. Tufanye bomba lako lina nitrati miligramu 25 kwa lita. Kwa kunywa hayo ni salama, kiwango cha WHO ni 50. Lakini lita 5 kila siku ni lita 150 kwa mwezi, yaani miligramu 3,750. Gawa kwa lita 300: nitrati inapanda 12.5 kila mwezi, na hapo hujamlisha samaki hata mmoja. Pima bomba lako tujue namba yako halisi.

Fosfati ipo, inaingia na chakula cha samaki. Ukoga unaidaka kabla kipimo hakijaiona. Kwa hiyo usije ukanunua dawa ya kunyonya fosfati kwa kuona ukoga tu. Matumbawe nayo yanaihitaji kidogo, 0.03 hadi 0.1 inatosha, na nitrati 5 hadi 10. Ukizikausha zote mbili unaweza kukaribisha dinoflajelata, ule ute wa kahawia wenye viputo, na huo ni mgumu kuuondoa kuliko huu wa kijani.

Bahari Tanga
Kwani asiagize maji ya bahari kutoka Dar? Kwa treni ya SGR siku hizi ni saa chache tu.

Fundi Matangi
Ya kubadilishia yanafaa yakichotwa mbali na mji na mito. Ya kujazia hapana kabisa, chumvi itapanda kila siku. Ya kujazia lazima yawe maji yasiyo na chumvi, yaliyochujwa kwa RO, yaani kusukumwa kwenye utando unaozuia madini.

Dada wa Kisasa
Mama Ilazo, hiyo nta isikutishe. Tumbawe la ngozi hujifunga likavua utando wake wa juu, kisha linafunguka tena. Elekeza pampu mkondo upite juu yake, usiwe wa kulipiga moja kwa moja, utando utatoka wenyewe.

Zoanthidi ndizo zinazohitaji haraka. Toa jiwe, liweke kwenye beseni lenye maji ya tangi lenyewe, sugua ukoga kwa mswaki laini kuzunguka mashina, suuza kwenye beseni la pili, rudisha. Maji ya beseni mwaga. Vaa glavu na miwani, zoanthidi nyingine zina sumu kali, na usizisugue kwa maji ya moto.

Mama Ilazo
Asanteni sana. Nimepima: bomba TDS (jumla ya madini na chumvi zilizoyeyuka) 760, nitrati 30. Duka la maji ya kuchujwa hapa mtaani wamenipimia TDS 14. Nibadilishe tangi lote mara moja?

Fundi Matangi
Hapana dada, mshtuko utaua kilichobaki. Asilimia 10 kwa wiki, na kuanzia leo jazia hayo ya 14 tu. Waambie wakuchotee kabla hawajarudisha madini, maduka mengine huyaongeza mwishoni ili maji yapate ladha. Chumvi ikoroge na pampu ndani ya ndoo usiku kucha, hakikisha ni 1.026 na joto 26 kama tangini, ndipo umimine. Ualkali utashuka wenyewe taratibu. Ukifika 8 tuandikie hapa kabla hujaongeza chochote.