Mlikuja kumwona mgonjwa au mlikuja kupiga picha?

Wakuu habari za humu, mods naomba msiunganishe huu uzi na mwingine maana nina hasira.

Mimi nipo Tanga, huku Mikanjuni, mwaka wa tatu najitolea kuhudumia wagonjwa wa majumbani kwenye usharika wetu. Silipwi na sijawahi kudai. Nina bibi mmoja kiharusi kimemlaza upande wote wa kulia, anaishi na mjukuu wa form two. Mgonjwa wa hivyo inabidi ageuzwe kila masaa mawili, sasa mtoto akiwa shule nani amgeuze? Ndo kidonda kikaanza pale juu ya makalio, kidogo kama sarafu, nakuja kushtuka ngozi imeshafunguka. Nesi mmoja jirani akanielekeza, maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, gozi safi, halafu khanga mbili nazikunja namsukumizia mgongoni asipalalie. Harufu yake ukishaizoea unajua kabla hujafungua, leo kimetulia au kinachimba.

Nikaomba glovu. Boksi moja tu la vipande 100, hata bei ya kreti mbili za soda haifiki. Mzee wa kanisa akanijibu mbele za watu "mama, huduma ni sadaka". Haya baba. Rambo nazo zilipigwa marufuku tangu 2019, basi navaa vile vifuko vya kufungia karanga, vinachanikia mkononi kazi haijafika nusu.

Sasa Jumamosi kamati ya diakonia (ile ya kanisa ya kuhudumia wahitaji) nzima hiyooo, fulana mpya zimechapishwa, mche mmoja wa sabuni na sukari kilo mbili (bibi ana kisukari, hakuna hata aliyeuliza). Sala dakika mbili, picha nusu saa. Mmoja akavuta shuka eti watu waone hali halisi waguswe. Jioni naikuta kwenye grupu la WhatsApp la usharika, watu zaidi ya 200, bibi wa watu paja nje, mpira wa mkojo unaonekana, chini wameandika "huduma yetu kwa wahitaji" na makopa kibao.

Jumatatu nimefika bibi kageukia ukutani. Maneno yenyewe yanamtoka kwa shida, akaniambia "kumbe wewe ndo unawaletea". Mimi!! Niliyemuahidi siku ya kwanza kwamba ya humu ndani hayatoki.

Nimeandika kwenye grupu waifute, admin kanitoa. Nimemfuata mchungaji, ananiambia nisilete mgawanyiko. Mgawanyiko upi jamani, Matendo 6 wajane walisahaulika kwenye huduma ya kila siku, watu wakanung'unika wazi wazi, mitume wakaitisha mkutano wakachaguliwa watu saba. Hawakuambiwa wanyamaze, wala hao saba hawakupewa fulana.

Leo ndo kakubali nimgeuze, ila muda wote shuka kalikamata kwa ule mkono wa kushoto, nimemsafisha kwa kupenyeza mkono kwa chini kama mwizi.

Wanasheria wa humu, ile Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamshika mtu aliyerusha picha ya mgonjwa kwenye grupu au ni ya makampuni tu? Na mwenye glovu zimebaki Tanga mjini anicheki PM, nanunua mwenyewe.